Kizimba cha Upepo

Nilipoletewa habari kwamba Maduhu amefariki, nilikuwa nachambua mchele, na sikuacha kuchambua. Jirani aliyeileta alisimama mlangoni akisubiri niseme Mungu amlaze mahali pema. Nikamwuliza mazishi ni lini. Akasema kesho, nyumbani kwake Kasoli, na kwamba kuna gari litachukua watu wa Bariadi mjini. Nikasema nitakwenda. Akafurahi, akajua nimesamehe. Watu wa mji huu wananifahamu kwa mambo mawili: kwamba nilipokuwa msichana niliziba pancha za malori, na kwamba jina la Maduhu likitajwa sauti yangu inapanda. Alidhani kifo kimeishusha. Hakikuishusha. Nimekaa na hasira hii tangu mwaka ule wa kwanza wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, naijua kila kona yake, na leo nataka kuueleza mwaka huo mimi mwenyewe, kwa sababu juzi pale msibani nilisikia unavyoelezwa na wengine.

Simiyu ilikuwa haijawa mkoa. Bariadi ilikuwa wilaya tu ya Shinyanga, na karakana ya chama cha ushirika ilikuwa nyuma ya ghala la pamba, jengo refu la bati lenye sakafu iliyokolea oili hadi ukimwaga maji yanatembea juu bila kunywewa. Nikifumba macho sasa hivi naweza kuingia mle ndani nisijikwae. Kushoto palikuwa na beseni langu la bati, kubwa kiasi cha kuogea mtu, na meza yenye gundi, msasa na mkasi. Kazi yangu ilikuwa mipira ya ndani. Unaujaza mpira upepo kidogo, unauzamisha, unaangalia povu linatokea wapi, unaweka alama ya chaki, unakausha, unapiga msasa, unapaka gundi, kisha unasubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo wengi wanaharibu. Gundi ikiwa bado mbichi kiraka kinashika mbele ya mteja na kubanduka njiani. Fundi Masanja alinifundisha kuigusa kwa mgongo wa kidole, na kama bado inanata, nikakae nje nile matobolwa yangu. Viazi vile vikavu vinatafunwa polepole, na nikimaliza kipande kimoja gundi inakuwa tayari.

Masanja mwenyewe alishika upande wa rimu. Wakati huo alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mfupi, kifua kipana, mwenye tabia ya kuniita mayu kama anavyoitwa mama, ingawa nilikuwa na miaka kumi na tisa. Rimu za malori ya siku zile hazikuwa kipande kimoja. Ukishalivalisha tairi, unalifunga kwa ringi ya chuma inayokaa kwenye mfereji wa rimu, na ringi hiyo ndiyo inayolizuia tairi lisitoke. Ikikaa sawasawa unaisahau. Ikiwa na kutu, au ufa, au haikuingia vizuri kwenye mfereji wake, upepo ukijaa inaruka, na ikiruka haimwangushi mtu, inamkata. Masanja aliziosha ringi zote kwa mafuta ya taa, akapitisha ukucha wa dole gumba mzunguko mzima akitafuta ufa. Hakugusa ringi kwa nyundo wakati tairi lina upepo, hata dereva aape kwa mbingu na nchi. Na hakujaza upepo tairi la lori nje ya kizimba.

Kizimba chenyewe kilikuwa cha nondo nene, mlango na komeo, kinachotosha magurudumu mawili yaliyosimama. Masanja alilisukuma gurudumu ndani, akafunga, akaunga bomba refu la upepo, halafu akaita, "Upepo." Hakupaza sauti. Lakini akiita hivyo kila mtu alihama, hata meneja mwenye suruali iliyopigwa pasi, tukajibanza upande ule mwingine wa ukuta. Naye, akiwa mbali ameshika kishikio cha bomba, alianza kuwataja ng'ombe wa baba yake. Aliwachunga alipokuwa mdogo, na ng'ombe wale walikwisha kufa au kutolewa mahari zamani, lakini alikuwa nao kichwani wote ishirini na watatu, mmoja mmoja kwa jina lake la Kisukuma, yule mwekundu, yule mwenye pembe iliyolala, yule aliyepiga teke wageni. Akimaliza zizi, ndipo anakwenda kusoma kipimo. Nilimcheka siku za kwanza. Wiki ya pili ringi iliruka. Nilisikia mlio ambao niliusikia kwa meno kabla ya masikio, na bati zote za paa zikajibu. Masanja hakukimbia wala hakunyamaza. Alikuwa amebakiza ng'ombe wawili, akawataja, kisha akaenda kutazama. Nondo moja ya kizimba ilikuwa imepinda kwenda nje, upana wa kiganja.

Siku hiyo tulikula ugali na sato aliyeletwa na lori la Kalemela, kule ziwani, na mimi nikawa naviringa tonge lilelile. Masanja alikula kama kawaida. Alipomaliza alinawa, akanipeleka hadi kwenye kizimba, akashika ile nondo iliyopinda.

"Mayu," akasema, "hiki ni kifua changu."

Nasimulia haya yote kwa urefu ili mtu asije akaniambia kwamba tulikuwa hatujui. Hilo ndilo ninalokutana nalo kila ninapoanza kuongea. Vijana wananiambia, bibi, enzi zile teknolojia ilikuwa duni. Tulijua. Tulikuwa na kizimba, tulikuwa na bomba refu, tulikuwa na mtu mwenye subira. Kilichotokea ni kwamba tulikuwa na kitu kizuri, kikachukuliwa mchana kweupe, na mimi nilisaidia kukichukua.

Ushirika ulipoanza kupumulia mdomoni, karakana ilifungwa na vitu vikauzwa kwa mafungu. Maduhu alikuja kutazama akiwa amevaa suti ya kaunda ya rangi ya udongo. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyegeuka mnunuzi wa pamba, mcheshi, mwenye mikono mikubwa, na sisi tulikuwa tunamtazama kwa njaa kwa sababu ilisemwa atatuajiri. Alizunguka kompresa, akapiga teke matairi, akafika kwenye kizimba akauliza hili ni dude gani. Masanja alikuwa ametoka. Nilikuwepo mimi, na nilitaka kupendwa. Ningeweza kusema ni cha kujazia upepo. Ningeweza kusema ni kifua cha Masanja. Nikasema, "Bosi, humu hata fisi haingii." Akacheka sana, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, nami nikajisikia binti mwerevu. Sikujua kwamba mwezi huohuo fisi walikuwa wamemla ndama wake wa pili kule Kasoli. Alinunua fungu lote. Kompresa, nyundo, mitaimbo, beseni langu na sisi wawili tulipelekwa kwenye kibanda kipya kando ya barabara. Kizimba kilipakiwa kwenye gari lingine. Nilikiona kikiondoka, nikadhani kitafuata.

Masanja alisubiri siku tatu, kisha akapanda baiskeli hadi Kasoli kukifuata. Alirudi jioni bila kizimba, akaegesha baiskeli, akaenda kuosha ringi. Yaliyosemwa kule niliyapata Jumapili, na sikuyatafuta. Nilikuwa nimepanga chumba kilichoshikana na mgahawa wa chai. Katikati yetu palikuwa na bati tupu lenye matundu ya misumari, kwa hiyo niliishi maisha ya watu wawili, yangu na ya wanywaji chai. Nilikuwa nimelala kitandani mchana, miguu juu ya ukuta kwa ajili ya joto, sufuria ya mlenda ikipoa chini, nikamsikia Maduhu akiwasimulia wanunuzi wenzake. Fundi wangu, akasema, amekuja nyumbani kuniomba nitoe ndama nje ili matairi yapate pa kulala. Wakaanza kucheka kabla hajamaliza. "Nikamwambia, Masanja, fisi hawali matairi." Walicheka hadi nikasikia vikombe vikigongana. Mwingine akauliza, wazo la kizimba lilitoka wapi. Maduhu akasema kuna msichana mmoja pale wa pancha, ana akili kuliko fundi. Nilishusha miguu ukutani. Nilikaa hivyo hadi mlenda ukaganda, na sikumwambia Masanja, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote kati ya zile alizobakiwa nazo.

Fundi huyu hakuwa mtu wa kususa. Alitafuta mnyororo, akawa anaufunga kwenye gurudumu mizunguko mitatu kupitia matundu ya rimu, analilaza ringi ikitazama chini, anasogea mbali, anaita "Upepo", anawataja ng'ombe. Ilichukua muda. Na huo ulikuwa msimu ambao hakuna aliyekuwa na muda. Zamani pamba ilingoja. Mkulima alipeleka kwenye chama chake, hata lori lichelewe wiki. Sasa anayefika kwanza kijijini ndiye anayebeba. Madereva walikuja na malori yaliyochoka kutoka sijui nchi gani, matairi yamelika hadi nyuzi zinaonekana, wakapiga honi mlangoni kwetu tangu asubuhi. Walimwita Masanja mchungaji kwa ajili ya ng'ombe wake. Walimwita mwoga. Kisha dereva mmoja akachukua ule mnyororo kwenda kuvutia lori lililozama kwenye mchanga wa mto, na haukurudi.

Wazo la magunia lilikuwa la msimamizi, shemeji yake Maduhu. Alisema tulaze gurudumu ringi ikitazama juu, tuweke magunia ya mbegu za pamba juu yake, manne, yaizuie. Kwetu sisi uzito wowote tunaupima kwa pamba, na gunia la mbegu linajulikana linavyovunja mgongo wa mbebaji, kwa hiyo kila aliyesikia alitikisa kichwa kukubali. Masanja peke yake alikataa. Alikaa siku mbili bila kujaza tairi hata moja la lori, akiziba pancha za Land Rover tu. Siku ya tatu Maduhu alikuja, hakucheka, akamwambia yuko fundi kule Maswa anayesubiri kuitwa. Masanja alikuwa na watoto shuleni na mke mgonjwa wa miguu. Akasema sawa. Mimi nilikuwa kwenye beseni, mikono majini, nikatazama povu.

Magunia yalifanya kazi. Hapa ndipo hasira yangu inapopata moto kila nikikumbuka, kwamba karibu mwezi mzima yalifanya kazi, na kila tairi lililojaa salama liliwapa haki. Msimamizi alikuwa akipita anapigapiga gunia kama anayempongeza punda. Lakini hayakuwa yanazuia chochote. Hakuna ringi iliyokuwa imeruka, basi. Kutwa tulimsifu mlinzi ambaye alikuwa hajaona mwizi.

Asubuhi ya siku yenyewe Masanja alikunywa uji pale mezani kwangu, tukaongea habari za karanga. Likaja lori la Maduhu mwenyewe, gurudumu la nyuma. Masanja aliosha ringi, akapitisha ukucha, ukakwama. Akapitisha tena. Akaniita nami nipitishe wangu, nikausikia ufa, mwembamba, nusu ya kidole kwa urefu. Akaenda kwa msimamizi akasema ringi hii itupwe. Msimamizi akasema ringi nyingine itapatikana msimu ukiisha, gari linatakiwa Kasoli kabla ya saa sita, ongezeni magunia. Yakawekwa sita. Masanja akaunga bomba, akasogea, akaita, "Upepo." Niliyehama ni mimi. Madereva watatu walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha lori, hatua chache, wakiendelea na maongezi yao. Aliita tena. Mmoja akamjibu kwamba upepo hata huku upo. Akaanza ng'ombe wake. Nami nikawa nawataja naye kimoyomoyo, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimewakariri.

Tairi lilipoanza kuvimba magunia yalianza kutembea. La juu liliteleza likaanguka. Dereva mmoja, si mtu mbaya, aliinuka kulirudisha, kama mtu yeyote wa kwetu anavyoona gunia limeanguka. Masanja alikuwa kwenye ng'ombe wa kumi na tisa. Aliachia kishikio, akakimbia, akamshika yule dereva kwa bega akamtupa nyuma. Nilisikia mlio uleule kwenye meno. Mbegu zilipanda juu, zikakaa huko muda mrefu kuliko inavyowezekana, kisha zikanyesha juu ya kila kitu, nyeupe, na chini yake Masanja alikuwa amelala chali. Ringi ilikuwa imempiga kifuani. Dereva alibaki na alama za vidole vyeusi kwenye shati, na kwa muda mrefu nilimwona akilivaa mjini bila kulifua. Masanja alifariki kabla gari halijafika hospitali. Ng'ombe wanne hawakutajwa.

Msibani kwa Masanja nilikaa jikoni na kina mama, nikasikiliza. Mmoja alisema amelogwa na fundi wa Maswa. Mwingine akasema alikuwa ameonywa na mizimu ya kwao, ndiyo maana alikuwa anawataja ng'ombe waliokwisha kufa. Kupitia dirishani niliwasikia wanaume wakisema kwamba fundi mzoefu hakimbilii tairi, kwamba alivunja utaratibu wake mwenyewe. Sauti hiyo ya mwisho ilikuwa ya Maduhu. Hata kwa maofisa waliokuja kuuliza alisema hivyohivyo: mfanyakazi aliondoka mahali pake pa kazi. Hakuna aliyeuliza kizimba kiko wapi. Mimi nilikuwa na jibu mdomoni, na nililimeza, kwa sababu jibu hilo lilikuwa na maneno yangu ndani yake.

Na Maduhu alileta rambirambi. Alileta ndama. Alikuwa dume mnono, manyoya yanang'aa, mnyama ambaye amelala kila siku bila hofu. Wanaume walimsifu alivyotunzwa. Akachinjwa, akapikwa, tukagawiwa. Nilikula. Tangu juzi yake nilikuwa sijatia kitu tumboni, na nyama ilikuwa laini, nikaongeza ugali. Nimemchukia Maduhu kwa mambo mengi, lakini hilo la kunilisha ndama yule ndilo lililonifanya nijichukie na mimi, na sijui kama alikusudia. Nadhani hakukusudia. Nadhani hakufikiri kabisa, na hilo nalo linaniudhi.

Basi juzi nikaenda Kasoli. Nilivaa kanga yangu safi, nikasalimia kila mtu. Walikuwapo watu wengi, turubai, vipaza sauti, viti vya plastiki. Mzungumzaji baada ya mzungumzaji alieleza jinsi marehemu alivyoleta maendeleo. Kizimba kilikuwa pembeni ya nyumba, kimepakwa rangi ya kijani, na ndani yake ndama watatu. Sikukitafuta, macho yaliangukia hapo. Nikaenda. Nondo ile bado imepinda kwenda nje, upana wa kiganja, rangi imekusanyika kwenye mkunjo. Nikaweka mkono.

Mtoto wake mkubwa wa kiume alikuja nyuma yangu. Ndiye mwenye kile kibanda cha matairi sasa, kimekuwa duka kubwa lenye bango. Matairi mengi ya siku hizi hayana ringi, lakini malori ya zamani bado yapo, na nimewaona vijana wake kwa macho yangu wakijaza upepo gurudumu la ringi kwenye ardhi tupu, mmoja amelikanyaga kwa mguu. Alinisalimia vizuri, "Mwadila mayu," nikaitikia. Kulikuwa na wageni wa Dar es Salaam pamoja naye, akawa anawaonyesha mji wa baba yake. Akashika nondo iliyopinda karibu kabisa na mkono wangu, akawaambia kwamba fisi wa zamani walikuwa na nguvu, mmoja alikipiga kizimba hiki usiku kucha akitaka ndama, tazameni alivyokunja chuma. Wageni wakashangaa. Mmoja akatoa simu apige picha.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Yaliyotoka yalikuwa machache.

"Fisi hakukunja chuma hiki," nikasema. "Fisi angekunja kwenda ndani. Hii ni ringi ya lori, iliruka kutoka ndani, na kifua cha mtu kikapona kwa sababu chuma hiki kilikuwepo. Mtu huyo aliitwa Masanja. Ringi nyingine iliporuka ikamuua, chuma hiki kilikuwa hapa kinalinda ndama wa baba yako, na aliyemwambia baba yako kwamba kitafaa ndama ni mimi."

Aliniambia mama, huu ni msiba. Nikamwambia najua, nimekuja kwenye msiba, nimechelewa tu miaka. Akasema kwa upole, naye ana upole, sitamnyima hilo, kwamba fisi hawaonekani tena Kasoli lakini kizimba wamekiacha kama kumbukumbu ya mzee. Watu walikuwa wameanza kugeuka kutoka kwenye turubai. Nilishika komeo, ambalo lilikuwa lilelile, linanyanyuliwa kwanza ndipo linavutwa, na mkono wangu ulikuwa haujasahau. Ndama walisita, kisha wakatoka mmoja mmoja, wakapita kati ya viti vya plastiki, na kina mama wakainua mikono kuwapisha.

Nikageuka kwa waombolezaji nikauliza nani amekuja na pikapu, kizimba kirudi kwenye matairi.